Uji wa lishe usiwe chakula pekee cha mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linalowagusa wazazi wengi wenye watoto wadogo. Jambo lenyewe ni mazoea, yaliyoenea mijini na sasa yanaingia hata vijijini, ya kumlisha mtoto aliyetimiza miezi sita uji wa unga uliochanganywa nafaka na mbegu za kila namna, asubuhi, mchana na jioni, kwa imani kwamba kadiri vitu vinavyokuwa vingi ndani ya unga ndivyo mtoto anavyopata afya zaidi. Mimi ni mzazi wa mtoto wa kwanza, mkazi wa Kihonda hapa Morogoro, na si daktari wala mtaalamu wa lishe. Ninayoyaandika nimeyapata kliniki, kwa maofisa lishe niliowauliza bila haya, na jikoni kwangu.

Mzazi mpya hakosi washauri. Ndani ya arobaini mama yangu mzazi alinisimamia kwa uji wa pilipili manga na supu, mama mkwe akaleta mtori, na jirani akaja na dawa ya mchango katika chupa isiyo na lebo, ambayo imebaki kabatini hadi leo. Sisemi haya kwa dharau. Mwanamke aliyetoka kujifungua anahitaji chakula cha moto, vinywaji vya kutosha na mtu wa kumpokea mtoto ili alale, na katika hayo wazee wetu hawana mpinzani. Chupa ya jirani ni habari nyingine, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuniambia ndani yake mna nini.

Kwa miezi sita ya mwanzo kliniki zetu zimefanya kazi inayostahili sifa. Karibu kila mama niliyekaa naye kwenye benchi anajua kwamba mtoto wa umri huo hapewi hata maji, na utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita nchini walikuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Utafiti huohuo, hata hivyo, ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na wataalamu wanatueleza kwamba sehemu kubwa ya udumavu hujengeka kati ya mwezi wa sita na mwaka wa pili, yaani katika kipindi kilekile ambacho mtoto anaanza kula. Ndipo tunapopungukiwa na maelezo. Muuguzi mwenye foleni ya akina mama hadi nje ya jengo hana muda wa kueleza mapishi. Humwambia mzazi amwanzishie mtoto uji wa lishe, humrudishia kadi, na kumwita anayefuata. Mama huondoka na maneno hayo machache kwenda sokoni, na sokoni ndiko anakopata maelezo marefu, kutoka kwa mtu anayetaka kuuza.

Atakayepita Soko Kuu la Chifu Kingalu, au duka lolote la nafaka mitaani kwetu, ataelewa ninachosema. Unga wa lishe umefungwa katika mifuko ya plastiki, na fahari ya muuzaji ni idadi ya vilivyomo: mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, korosho, na mara nyingine dagaa waliosagwa humohumo. Mwenye vitu kumi na viwili humcheka mwenye vitu vinane. Lakini mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele na ngano vyote ni kundi moja la chakula, na mtoto aliyelishwa aina sita za nafaka katika bakuli moja amekula nafaka tu. Hajala mboga, hajala tunda, na kiasi cha soya au karanga kilichomo hakijui yeyote isipokuwa aliyechanganya, kama naye anakijua. Zaidi ya hapo, nafaka na mikunde ambayo haijalowekwa, kuoteshwa wala kuchachushwa ina viambata vinavyoyashika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe vizuri mwilini, na kuongeza aina ya saba hakupunguzi tatizo hilo. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa humsumbua mtoto tumbo. Karanga na ufuta vina mafuta mengi, kwa hiyo unga uliochanganywa navyo hauchukui muda mrefu kabla ya kuanza kunuka uvundo wa mafuta yaliyoharibika. Na mtoto akipata vipele au akaharisha baada ya kulishwa vitu kumi kwa siku moja, mama atajuaje ni kipi kilichomdhuru? Maofisa lishe hushauri chakula kipya kianzishwe kimoja kimoja, kwa siku kadhaa, kabla ya kuongeza kingine, na ukitaka kuchanganya unga basi nafaka moja na jamii moja ya kunde vinatosha.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi, hata hivyo, ni sumukuvu. Sumu hii hutengenezwa na aina za ukungu zinazoota katika mazao yaliyoguswa na ukame yakiwa shambani, yaliyovunwa na kuanikwa juu ya udongo mtupu, au yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka. Mazao yanayoathirika zaidi ni mahindi na karanga, yaani nguzo mbili za unga wa lishe. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na wenzetu wa Kenya wanaukumbuka mwaka 2004, wakati watu 317 walipougua katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake na 125 kati yao wakafariki. Hayo ni matukio makubwa yaliyoingia magazetini. Madhara ya kimyakimya ya kula sumu kidogo kidogo kila siku hayaandikwi na mtu, ingawa wataalamu wanayahusisha na saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, na pia na kudorora kwa ukuaji wa watoto. Ndiyo maana chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambazo ndani yake mna kinga ya homa hiyo, nazihesabu kuwa sehemu ya lishe ya mwanangu.

Wapo wanaoamini kuwa moto unamaliza kila kitu. Moto wa jikoni huua vijidudu, lakini sumukuvu huvumilia joto la kuchemsha uji hata ukiuchochea saa nzima. Haina ladha wala harufu ya kumwonya mpishi, na punje iliyo safi kwa macho inaweza kuwa nayo. Kanuni za viwango za Afrika Mashariki haziruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kila kilo ya mahindi, kiasi ambacho mzazi hawezi kukipima kwa mwiko. Mtu mzima anayekula ugali mara moja kwa siku pamoja na mboga na nyama anapata kiasi fulani. Mtoto wa kilo saba anayekunywa uji wa mahindi na karanga mara tatu au nne kwa siku anapata zaidi kwa kulinganisha na uzito wake, na ini lake bado ni changa. Tusisahau pia kwamba sehemu ya sumu anayokula mama hupita katika maziwa yake, kwa hiyo ugali wa mama anayenyonyesha nao unahitaji uangalifu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema dona ni bora kuliko sembe katika kila hali. Ni kweli kwamba dona hubaki na kiini na makapi yenye virutubishi, na kwa mahindi unayoyajua asili yake, yaliyokaushwa na kuchambuliwa vizuri, dona ni chakula kizuri sana. Lakini sumukuvu hujikusanya zaidi katika tabaka za nje za punje, na kukoboa huondoa sehemu kubwa yake. Kwa mahindi yaliyonunuliwa kwa debe bila kujulikana yametoka wapi na yamelala ghala gani, mimi nakoboa, kisha virutubishi vilivyopotea navitafuta kwenye dagaa na mboga.

Kuna mambo ambayo mzazi anaweza kuyafanya bila maabara. La kwanza ni kununua nafaka nzima badala ya unga, kwa sababu punje huonekana, ilhali unga huficha. La pili ni kuchambua kwa mikono, punje kwa punje, na kutupa zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Karanga zilizosinyaa na zenye madoa zisikaangwe kwa matumaini kwamba zitapona, wala kuku asilishwe karanga hizo, kwa kuwa mayai na nyama yake vitarudi mezani kwetu. Ukavu nao hupimwa kwa njia rahisi ambayo mabwana shamba wamekuwa wakiifundisha: tia kiganja cha chumvi kavu katika chupa ya kioo iliyo kavu, ongeza mahindi, tikisa, kisha iache kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado yana unyevu na hayafai kuhifadhiwa. Unga nausaga kidogo kidogo wa kutosha wiki chache, na karanga siziingizi kabisa kwenye mfuko wa unga. Nazichambua, nakaanga kiasi cha siku mbili tatu, nasaga, na kuongeza kijiko kwenye uji unapokaribia kuiva. Baba wa mtoto alilalamika mwanzoni kwamba sinia la kuchambulia limehamia sebuleni. Sasa naye huchambua akiwa anasikiliza taarifa ya habari.

Uji wenyewe siupingi, na sipendi barua hii isomwe hivyo. Ninachopinga ni uji kuwa kila kitu, tena uji mwepesi kama maji ambao hujaza tumbo dogo la mtoto bila kumpa nguvu. Tulifundishwa kwamba uji wa mtoto uwe mzito kiasi cha kukaa juu ya kijiko bila kuchuruzika. Kwa mtoto anayeukataa uzito huo iko njia ya mama zetu ambayo inaelekea kusahaulika mijini, nayo ni kimea cha ulezi: ulezi uliolowekwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Kijiko kimoja cha kimea kikiingizwa katika uji mzito uliopoa kidogo huulainisha bila kuongeza tone la maji, kisha uji unarudishwa motoni uchemke tena. Togwa nayo, kwa wanaojua kuipika kwa usafi, ni uji uliochachuka ambao tumbo la mtoto huupokea vizuri, na inanishangaza kuona mama wa Morogoro au Songea anauacha ujuzi huo nyumbani ili akanunue unga wa vitu kumi na viwili dukani.

Baada ya bakuli la asubuhi, mwanangu hula chungu cha nyumbani. Mkoa wetu hauna sababu ya kulia njaa ya mboga: Mgeta inashusha karoti na majani ya kila aina, Matombo inatoa ndizi na matunda, na matembele yanaota hata kando ya karo la kuogea. Kabla sijatia chumvi na viungo katika chakula cha familia, nachota sehemu ya mtoto: ndizi au viazi lishe vya rangi ya chungwa, maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kuiva mpaka yakapondeka, boga, majani yaliyokatwa madogo madogo, na kijiko cha mafuta au tui la nazi. Vyote hivyo naviponda kwa uma. Blenda nimeiweka kando, kwa sababu mtoto anapaswa kujifunza kutafuna, na chakula laini kupita kiasi humzoesha kumeza tu. Dagaa huondolewa vichwa, huoshwa mchanga kwa maji ya moto, hukaangwa bila mafuta, husagwa, na kijiko cha unga wake huingia katika chungu cha mtoto. Ini, likipatikana kwa mchinjaji ninayemwamini, hupikwa likaiva kabisa na kukwanguliwa, kwani madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo hupungua anapofikia miezi sita na maziwa ya mama peke yake hayawezi kuyarudisha. Yai analila zima, kiini na ute, likiwa limeiva, ingawa wapo mashangazi wanaoniambia kwa upendo kwamba mtoto anayelishwa mayai huchelewa kusema. Nawaitikia "ndiyo, shangazi", kisha namenya yai. Baada ya chakula hupewa papai, embe au chungwa, ambalo husaidia mwili kulifyonza lile chuma la kwenye mboga. Chai haipewi nafasi, kwa sababu inafanya kinyume chake, na asali inasubiri mpaka atimize mwaka kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vya sumu hatari kwa mtoto mchanga. Kunyonya kunaendelea, na kutaendelea hadi miaka miwili kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri.

Najua nitaulizwa ni mama gani mwenye muda wa yote haya. Swali ni la haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba ana siku tatu. Mama ntilie, mchuuzi wa mboga na mkulima hawana hata hizo. Anayebaki na mtoto ni dada wa kazi au bibi, na unga wa kukoroga una sifa moja kubwa, kwamba hauhitaji maelekezo. Baba naye hujiona ametimiza wajibu akishasema kuwa unga wa mtoto ameshanunua. Kwa hiyo nilimfundisha dada wetu kupika chakula cha mtoto kabla sijarudi kazini, tukiwa pamoja jikoni, na nilimweleza sababu ya kila hatua, kwani mtu akijua kwa nini anachambua karanga hataacha kuchambua siku ambayo mwenye nyumba hayupo. Chungu cha nyumbani kinakwenda na maharage na mboga ambazo familia ingekula vyovyote vile. Gharama yake ya ziada ni dakika chache za kuponda.

Ninayo maombi kwa wahusika. Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato yao ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji imekuwa ikifanyika katika maeneo mengi. Fedha hizo zinunue masufuria na kuni au gesi, ili siku ya kliniki kuwe na mtu anayepika mbele ya akina mama kwa vyakula vya eneo hilo na vya msimu huo, na akina mama waonje. Bango la makundi ya vyakula lililobandikwa ukutani, lenye picha ya zabibu na samaki ambaye haonekani katika mkoa wetu, halimfundishi mtu kupika. Kwa Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 limekabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula, ombi langu ni kwamba unga wa watoto upewe kipaumbele katika upimaji wa sumukuvu, na wasagaji wadogo wasaidiwe kufikia viwango badala ya kuvamiwa tu na kufungiwa, maana wengi wao ni akina mama kama mimi wanaotafuta riziki kwa nia njema. Mfuko wa unga uandikwe tarehe ya kusagwa na kiasi cha kila kilichomo. Mzazi anayenunua unga ambao mfuko wake hauna taarifa hizo anakuwa hajui anamlisha nini mwanawe.

Na kwako, Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Gazeti lako hutenga nafasi kila wiki kwa mapishi ya keki na pilau, nami huyafurahia. Ningependa katika nafasi hiyo, walau mara moja kwa mwezi, kichapwe chakula kimoja cha mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili kutoka mkoa mmoja wa nchi yetu, kikiandikwa kwa vipimo vya kikombe na kijiko, na kikiwa kimepitiwa na ofisa lishe wa mkoa husika kabla ya kuchapwa. Mwezi wa embe kichapwe cha embe, na mwezi wa maboga kichapwe cha maboga. Nipo tayari kuchangia kile cha Morogoro.

Ndimi,
Mama wa mtoto wa kwanza,
Kihonda, Morogoro.